Katuni za Sinema: Kazi ya Mikasi, Kalamu na Subira

Msomaji mpenzi, kama nyumbani kwako kuna watoto na televisheni, au hata simu tu, basi jambo hili umekwisha kuliona. Mtoto aliyekuwa akilia ananyamaza. Aliyetumwa chumvi kwa jirani anasimama mlangoni na sahani mkononi, asiende wala asirudi. Wote wanamtazama sungura anayesema, paka anayeanguka kutoka juu ya paa bila kuvunjika mfupa, au msichana mdogo anayeimba namba. Wazee wengine hukasirika na kuzima. Wengine hufurahi, maana wamepata nafasi ya kupika kwa amani. Lakini ni wachache wanaojiuliza: Je, vitu hivi vimetengenezwa na nani? Vimetengenezwa namna gani? Na je, vinamwambia nini mtoto wangu?

Juma hili twataka kuzungumza nawe juu ya kazi hiyo. Watu huiita katuni au vibonzo. Wataalamu wa lugha wameipa jina la uhuishaji, maana yake kukipa uhai kitu kisicho na uhai. Ni jina zuri, lakini tulifahamu vema. Mwenye kutoa uhai ni Mungu peke yake. Fundi wa katuni hutoa mfano wake tu, tena kwa jasho jingi. Ukilijua jasho hilo utaziangalia picha hizi kwa jicho jingine, na labda utamwangalia kwa jicho jingine hata yule mwanao anayejaza daftari la hesabu kwa michoro ya magari na simba.

JICHO LINAVYODANGANYWA

Kwanza yafaa kujua kwamba katika katuni hakuna kitu kinachokwenda. Kila picha imesimama kabisa, kama picha iliyotundikwa ukutani. Lakini picha nyingi zinazofanana, kila moja ikiwa imebadilika kidogo tu kuliko iliyotangulia, zikipitishwa upesi mbele ya macho, jicho halidiriki kuzitenga. Huziunga pamoja, nasi tukadhani tunamwona mtu akitembea.

Katika sinema, picha 24 hupita kwa sekunde moja. Kwa hiyo dakika moja yataka picha 1,440. Ili kupunguza kazi, mafundi wengi huonyesha mchoro mmoja mara mbili, hivyo michoro 12 hutosha kwa sekunde. Hata hivyo, fanya hesabu mwenyewe: dakika moja ni michoro 720, kipindi cha dakika 10 ni michoro 7,200, na sinema ya saa moja na nusu ni michoro 64,800. Hapo tumemhesabu mhusika mmoja tu. Wakiwa wawili wanagombana, na kuku anapita nyuma yao, kazi yazidi.

Kazi yenyewe hupita katika mikono mingi. Wa kwanza huandika hadithi. Wa pili huichora kwa picha ndogo ndogo zinazofuatana, kama hadithi ya picha gazetini, ili wote waone mambo yatakavyokwenda. Kisha waigizaji huitwa kurekodi sauti zao. Jambo hili huwashangaza wengi: mara nyingi sauti hutangulia na michoro hufuata, kwa sababu mdomo wa mhusika lazima ufunguke na kufumba sawasawa na maneno. Ndipo fundi mkuu huchora mwanzo na mwisho wa kila tendo, na wasaidizi wake hujaza michoro ya katikati. Wengine huchora miti, nyumba na anga. Wengine hutia rangi. Mwisho huja muziki na vishindo: mlango unaobamizwa, maji yanayomwagika, nyayo juu ya majani makavu.

Siku hizi kompyuta husaidia sana katika kujaza na kupaka rangi. Tena kuna katuni za namna nyingine, ambazo mhusika hujengwa ndani ya kompyuta kama sanamu, akatiwa mifupa na viungo vya kuchezeshwa. Sinema ndefu ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa njia hiyo ni Toy Story, ya Marekani, mwaka 1995. Lakini mifupa hiyo haijui bibi kizee huinukaje kitini. Hilo lazima fundi alijue, na hulijua kwa kutazama.

JARIBU WEWE MWENYEWE

Ukitaka kusadiki, chukua daftari na kalamu ya risasi, uwaite watoto. Anza na ukurasa wa mwisho, chora mpira mdogo pembeni, juu. Funika kwa ukurasa unaofuata. Utauona mpira wa kwanza kwa mbali ukipenya karatasi. Chora wa pili chini yake kidogo. Endelea hivyo karatasi 24 au zaidi, mpira ukishuka, ukigusa ardhi, ukiinuka tena. Halafu shika daftari, uziachie karatasi kwa kidole gumba kutoka nyuma kwenda mbele. Mpira utaruka.

Lakini kuna siri moja. Mpira unapogusa ardhi, uchore umebonyea kama andazi. Unapoinuka, uchore umerefuka kidogo kama yai. Ukiuacha mviringo mahali pote, watoto watasema ni jiwe. Siri hii ni ya kwanza kati ya kanuni 12 ambazo mafundi wa Walt Disney walizipata kwa miaka mingi ya kujaribu, na ambazo wawili wao, Frank Thomas na Ollie Johnston, waliziandika katika kitabu mwaka 1981. Kanuni nyingine yasema kwamba kila tendo lina maandalio yake: mtu kabla ya kutupa jiwe huvuta mkono nyuma, na kabla ya kuruka hukunja magoti. Ukimchora akiruka bila kukunja magoti, mtazamaji hatasadiki, ijapokuwa hawezi kusema kwa nini.

Basi, msomaji, waona kwamba kazi hii si ya mchezo. Fundi wa kweli ni mtazamaji kwanza, mchoraji baadaye. Amemtazama mama akijitwisha ndoo, amemtazama jogoo akigeuza kichwa, amemtazama mlevi akitafuta mlango.

BIBI MWENYE MIKASI

Watu wengi hudhani kwamba sinema za katuni zilianza na Bwana Walt Disney na studio yake kubwa kule Marekani. Si hivyo. Mwaka 1908, huko Ufaransa, Bwana Émile Cohl alichora karibu picha 700 akapata sinema fupi isiyofika hata dakika mbili. Sinema ndefu ya Disney juu ya binti mfalme na vibeti saba, iliyomletea sifa ulimwenguni kote, ilionyeshwa mara ya kwanza Desemba 1937. Kabla ya hapo, mwaka 1926, mwanamke mmoja wa Ujerumani alikuwa amekwisha kutoa sinema ya katuni ya zaidi ya saa moja, na kati ya sinema ndefu za katuni zilizosalia hadi leo, hiyo ndiyo ya kale kupita zote.

Jina lake Lotte Reiniger, mzaliwa wa Berlin mwaka 1899. Tangu utotoni alikuwa na kipawa cha kukata karatasi kwa mikasi. Alikata watu, farasi na majumba ya kifalme katika karatasi ngumu nyeusi, akaunganisha mikono na miguu kwa waya mwembamba ili iweze kupinda. Kisha aliwalaza juu ya kioo chenye taa chini yake, kamera ikitazama kutoka juu. Alisogeza mkono kidogo, picha ikapigwa. Akasogeza tena, ikapigwa nyingine. Alifanya hivyo tangu mwaka 1923 hadi 1926, pamoja na mumewe na wenzake wachache, katika chumba kilichokuwa juu ya gereji ya mtu mwenye benki aliyewapa fedha, katika mji wa Potsdam.

Na hadithi aliyoichagua? Si ya Kijerumani. Aliichukua kutoka Alfu Lela Ulela, zile hadithi za Mashariki ambazo hata wazee wa pwani yetu walisimuliana barazani: habari za mwana wa mfalme Ahmed na farasi arukaye angani. Yafaa tulikumbuke jambo hilo, maana hadithi nzuri haina mpaka, na mikasi haiulizi mtu amezaliwa wapi. Yule bibi hakuwa na kiwanda. Alikuwa na mikasi, karatasi, marafiki wachache, na subira ya miaka mitatu.

FUNDI WA NIGER NA VYURA WAKE

Labda utasema, huyo alikuwa Ulaya, na Ulaya vitu vinapatikana. Haya, tuje Afrika. Katika nchi ya Niger, iliyo kando ya jangwa la Sahara, alizaliwa mwaka 1942 mtu aitwaye Moustapha Alassane. Kwa kazi alikuwa fundi wa mitambo. Aliipenda sinema, akaisomea, hata akafika Canada kwa Bwana Norman McLaren, mmoja wa mabingwa wa katuni wa wakati ule. Nchi yake ilipata uhuru mwaka 1960. Na mwaka 1966 akatoa sinema fupi ya kuchorwa juu ya chura aliyekuwa rais, anayekwenda kuitembelea nchi ya jirani kwa makubwa: mapokezi, gwaride, na heshima zote.

Watu walicheka, lakini walifahamu. Mambo ambayo mtu asingeweza kuyasema waziwazi juu ya wakubwa wenye kupenda fahari, chura aliweza. Je, si ndivyo walivyofanya babu zetu kwa sungura na fisi? Wakati wa jioni hawakusema, "Fulani ni mlafi." Walisema, "Hapo kale palikuwa na fisi," na Fulani mwenyewe, akiwa amekaa pale pale, alijijua. Bwana Alassane aliendelea kuwapenda vyura maisha yake yote. Mwaka 2001 alitoa sinema nyingine, Kokoa, ambamo wanyama wadogo wanapigana mieleka kwa desturi za kwao mbele ya watazamaji. Alifariki mwaka 2015, naye anahesabiwa kati ya wazee wa kwanza wa katuni katika bara letu.

RANGI ZA BAISKELI

Sasa tufike kwetu. Mwaka 1932 alizaliwa wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania, Edward Saidi Tingatinga. Kama vijana wengi alikwenda kutafuta kazi, akafika Dar es Salaam. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji wa Ulaya. Alichora juu ya vipande vya ubao mwembamba wa kujengea, kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli. Alichora tembo, ndege na chui wenye macho makubwa, rangi zikiwaka kama khanga mpya. Alifariki mwaka 1972, angali kijana, akiwa amechora kwa miaka minne tu. Lakini ndugu na wanafunzi wake waliishika kazi, na leo jina lake limekuwa jina la mtindo wenyewe.

Miaka 38 baada ya kifo chake, mwaka 2010, watoto wa Uingereza walianza kuona katika televisheni mfululizo wa katuni uitwao Tinga Tinga Tales. Ulikuwa na vipindi 52, na kila kimoja kilijibu swali la namna ile ambayo bibi zetu walikuwa wakiyajibu jikoni: kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini nyoka hana miguu, kwa nini kiboko hana nywele. Kampuni ya Tiger Aspect ya Uingereza ndiyo iliyousimamia, lakini kazi ya kuchora na kuchezesha ilifanywa Nairobi, na makumi ya vijana wa Kenya waliokusanywa na kufundishwa kwa ajili hiyo. Wanyama wake walivaa zile rangi na madoa ya Tingatinga. Basi fikiri, msomaji: mtu wa Tunduru mwenye kopo la rangi ya baiskeli, bila kujua, alikuwa akiwaandalia kazi vijana wa Nairobi na furaha watoto wa London.

Hata hivyo tuseme na upande wa pili. Vipindi vikiisha, mkataba nao huisha. Ndiyo shida ya kazi ya kuagizwa na wengine: mwenye fedha yuko mbali, na akiwa na shauri jingine mwakani, fundi hubaki na ufundi wake bila kazi. Kwa hiyo ni jambo jema kwamba wamekuwapo waliofikiri kuanzisha kazi yao wenyewe.

MSICHANA WA CHINI YA KILIMANJARO

Mwaka 2013 watu wachache wa Dar es Salaam, Watanzania na mwenzao Mmarekani, waliunda shirika liitwalo Ubongo. Mwanzoni mwa mwaka 2014 kipindi chao cha kwanza, Ubongo Kids, kilitokea katika televisheni ya taifa, kwa Kiswahili. Kilikuwa kikifundisha hesabu na sayansi kwa hadithi na nyimbo, na watoto waliweza kujibu maswali kwa ujumbe wa simu ya kawaida, ile isiyo na makuu. Mwaka 2016 wakafuatisha kipindi cha watoto wadogo zaidi, Akili and Me, juu ya Akili, msichana wa miaka minne anayekaa na jamaa yake chini ya mlima Kilimanjaro. Akilala huingia katika nchi ya ndoto, akakutana na wanyama rafiki wanaojifunza pamoja naye kuhesabu, kusoma herufi, na hata kutawala hasira.

Kufundisha kwa katuni si jambo jipya. Mwaka 1943, wakati wa vita, studio ya Disney iliwatumia wale wale vibeti saba kuwaonyesha watu jinsi ya kupigana na mbu wa malaria: kufukia madimbwi na kuziba madirisha. Lakini vibeti wale walikuwa wageni. Akili ni mtoto wa kwetu. Nyumba yake yafanana na nyumba tunazozijua, na anaposema shikamoo hakuna haja ya kumfasiria mtoto.

Je, mtoto hujifunza kweli, au hukaa tu akikodoa macho? Swali hili liliulizwa na wataalamu. Watoto zaidi ya 500 wa shule za awali kule Morogoro waligawanywa: wengine wakatazama Akili and Me kwa majuma manne, wengine wakatazama vipindi vingine. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018. Wale waliomtazama Akili walionekana kusonga mbele zaidi katika kuchora, kutambua maumbo, kutambua namba na kuhesabu. Hatusemi kwamba televisheni yaweza kuchukua mahali pa mwalimu, wala mahali pa mama. Twasema kwamba chombo hiki, kikiwa mikononi mwa mtu anayempenda mtoto, chaweza kufanya kazi njema.

Labda utauliza: ikiwa ni hivyo, kwa nini katuni nyingi tuzionazo zatoka nje? Jibu ni la sokoni. Katuni ya ng'ambo imekwisha kurudisha gharama zake huko kwao. Mwenye nayo aweza kukiuzia kituo chetu cha televisheni kwa bei ndogo, naye bado apata faida. Katuni mpya ya hapa lazima ilipiwe yote tangu mchoro wa kwanza. Ni kama nguo za mitumba na fundi cherehani wa mtaani kwetu. Fundi si mbaya, wala si mvivu. Bali anashindana na kitu ambacho mtu mwingine alikwisha kukilipia.

UPEPO UNAOVUMA SASA

Lakini mambo yanabadilika, na yatupasa kuyajua.

Jambo la kwanza ni kwamba vyombo vya kazi vimekuwa rahisi. Iko programu ya kompyuta iitwayo Blender, iliyoanzishwa na Mholanzi, Bwana Ton Roosendaal. Mwaka 2002 watu wa nchi nyingi walichanga euro 100,000 ili programu hiyo ifunguliwe iwe ya wote, na tangu hapo mtu yeyote aweza kuichukua bila kulipa senti. Kwa programu hiyo hiyo kijana wa Latvia, nchi ndogo ya Ulaya, Gints Zilbalodis, pamoja na wenzake, alitengeneza Flow, sinema ya paka na wanyama wengine walio katika mashua wakati wa gharika. Haina neno hata moja la kusemwa. Machi 2025 ilipata tuzo ya Oscar ya sinema ndefu ya katuni, ikizishinda kazi za studio kubwa zenye fedha mara nyingi zaidi. Tena kijana huyu, kabla ya hapo, alikuwa ametoa sinema nzima peke yake, akifanya kila kitu kwa mikono yake miwili kwa zaidi ya miaka mitatu. Hapo twakumbuka tena yule bibi na mikasi yake.

Jambo la pili ni kwamba Marekani si mwenye shamba peke yake tena. Mwaka 2025 sinema ya katuni ya China, Ne Zha 2, iliyotoka katika hadithi za kale za Wachina, ilivuna zaidi ya dola bilioni 2, ikazipita sinema zote za katuni zilizotangulia. Afrika nayo imeamka. Julai 2023 zilitoka sinema fupi kumi za Waafrika wa nchi mbalimbali, zikisimamiwa na studio ya Triggerfish ya Cape Town, na zikaitwa kwa jina la Kiswahili: Kizazi Moto. Mmoja wa waongozaji wake ni Ng'endo Mukii wa Kenya, ambaye mwaka 2012 alikwisha kutoa katuni fupi juu ya wanawake wanaojichubua ngozi; mwingine ni Raymond Malinga wa Uganda, aliyesimulia habari za wachunga ng'ombe. Mwezi huo huo ukatoka mfululizo wa Supa Team 4, uliobuniwa na mwanamke wa Zambia, Malenga Mulendema.

Jambo la tatu ni la kuogofya kidogo. Tangu mwaka 2022 zimeenea programu ambazo mtu huziandikia maneno machache nazo zikatoa picha, na baadaye zikaanza kutoa hata picha zinazokwenda. Watu huziita akili mnemba. Zimejifunza kwa kupitishiwa picha nyingi mno za wachoraji, na wengi wa wachoraji hao hawakuombwa ruhusa wala hawakulipwa. Mwaka 2023 wachoraji kadhaa wa Marekani walikwenda mahakamani. Juni 2025 hata Disney na Universal, matajiri wenyewe, waliishtaki kampuni ya Midjourney kwa sababu hiyo. Mafundi wengi wana hofu, hasa wale wanaoanza, kwa kuwa kazi ndogo ndogo walizokuwa wakijifunzia, kama kujaza michoro ya katikati na kutia rangi, ndizo za kwanza kupewa mtambo.

Twasema nini juu ya hilo? Mtambo waweza kutoa picha ya bibi kizee kwa dakika moja. Lakini ni bibi wa watu wote na wa mtu yeyote. Jinsi bibi yako anavyokaza kanga kabla ya kuinuka, anavyoguna, anavyolitaja jina la mwanawe aliyekufa anapoegemea nguzo ya mlango, hayo wayajua wewe uliyekaa naye. Ikiwa kijana wetu atajifunza kubonyeza vitufe tu, mtambo utamshinda kesho. Akijifunza kutazama watu na kuwapenda, atakuwa na kitu cha kuupa mtambo kazi.

NENO KWA WAZAZI

Msomaji, turudi nyumbani kwako. Yapo mambo matatu ambayo waweza kuyafanya bila gharama.

La kwanza, keti na watoto wako mara moja kwa juma mtazame katuni pamoja, tangu mwanzo hadi mwisho. Halafu waulize: Nani alikosea? Aliyekosea aliomba radhi? Wewe ungefanya nini? Katuni nyingine huonyesha mtu akipigwa kichwani na nyundo akainuka akicheka. Mtu mzima ajua kwamba ni mzaha. Mtoto wa miaka mitatu hajui, na mdogo wake yuko karibu. Usipokuwapo wewe kumwambia, atamwambia nani? Bwana wetu alifundisha kwa mifano, lakini hata wanafunzi wake walimfuata faraghani kumwuliza maana. Hadithi peke yake haitoshi. Yataka mtu wa kuulizwa.

La pili, wasimulie hadithi zenu. Kila kabila lina hadithi zake, na wanaozijua wanazeeka. Ukimwacha mzee akafariki nazo, hakuna programu duniani itakayozifufua. Simu ile ile iliyomnyamazisha mtoto yaweza kurekodi sauti ya babu. Wale waliotengeneza Tinga Tinga Tales hawakuanzia penye utupu. Walianzia penye hadithi ambazo mtu fulani hakuona haya kuzisimulia.

La tatu ni juu ya yule mtoto mwenye kuchora. Baba wengi humwambia, "Acha upuuzi huo, soma." Twafahamu hofu yao. Karo ni fedha, na mchoraji mwenye njaa tumemwona. Wala hatutasema kwamba kila achoraye atapata mshahara. Kazi hii ni ngumu, mikataba yake ni mifupi, na wengi hufanya kazi nyingine mchana huku wakichora usiku. Lakini kusoma na kuchora havigombani. Mwenye kuchezesha picha ahitaji hesabu ili ajue mpira huanguka kwa kasi gani. Ahitaji lugha ili aandike hadithi. Ahitaji kujua mwili wa mtu kama mganga. Mwambie basi: "Maliza hesabu zako, halafu nionyeshe simba wako." Usilipasue daftari. Katika ule mfano wa talanta, mtumishi aliyelaumiwa hakuiba wala hakupoteza. Alifukia tu. Na mara nyingine talanta ya mtoto hufukiwa na mkono wa mzazi wake mwenyewe.

Jumamosi hii mpe karatasi 24, kalamu ya risasi, na saa moja ya kukaa karibu naye. Mwachie achore mpira unaoruka. Ukianguka kama jiwe, mwonyeshe lile andazi na lile yai. Halafu mwite bibi yake aje aone.